Mpira Haumlei Mtoto

Mashindano ya shule hayafunguliwi bila mgeni rasmi kutukumbusha kwamba michezo hujenga nidhamu. Walimu hupiga makofi, wazazi hutikisa vichwa kukubali, filimbi ikapulizwa. Tumeyazoea maneno hayo kiasi kwamba hatuyahoji tena: mpe mtoto mpira, stadi za maisha zitamjia zenyewe, atajifunza kushirikiana, kuvumilia na kujiwekea malengo. Imani hiyo si kweli, na inawaumiza watoto. Mpira haufundishi nidhamu. Anayefundisha ni mtu mzima aliyesimama kando ya uwanja, na mara nyingi somo analotoa ni baya.

Ushahidi tunao. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika kisha ikaenguliwa kwa kumchezesha kijana aliyezidi umri. Mwaka 2017 Congo Brazzaville nayo ikaenguliwa baada ya kushindwa kumpeleka mchezaji wake kupimwa umri, na sisi tukaenda Gabon kwa nafasi yake. Mwaka 2019 fainali zikachezwa Dar es Salaam. Guinea ikafika mpaka mchezo wa mwisho, kisha ikanyang'anywa tiketi ya Kombe la Dunia kwa udanganyifu wa umri.

Vijana hao hawakukosa michezo. Kama kucheza tu kungetosha kumfanya mtoto mwaminifu, wao wangekuwa mfano wa bara zima. Hakuna kijana anayejighushia cheti cha kuzaliwa peke yake. Nyuma yake yuko kocha, kiongozi, wakati mwingine hata mzazi.

Uozo huo huanzia chini, kwenye mechi za wilaya. Kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, anavishwa jezi ya shule asiyosoma, mwalimu anawaambia wachezaji wengine wamwite kwa jina la mwanafunzi mwingine, nao wanaitikia. Mtoto wa darasa la sita aliyefanya mazoezi muhula mzima anakaa benchi akitazama. Jioni timu inarudi na kombe, shule inashangilia. Mtoto yule amepata somo la stadi za maisha siku hiyo, tena hatalisahau: jitihada ni kazi bure, uongo unalipa.

Na kwenye malengo ni hivyo hivyo. "Lazima tushinde" si lengo la mtoto, ni hamu ya mkubwa anayetaka kombe la kupamba ofisi. Lengo la mtoto huwa dogo, linapimika, na kulifikia kuko mikononi mwake. Chukua mfungaji wa netiboli. Mazoezi yakiisha, mwalimu anambakiza golini na mipira kumi. Anaingiza minne. "Ijumaa unataka mingapi?" "Kumi, Mwalimu!" "Tuanze na mitano. Sasa niambie, ile sita imekosa kwa nini?" Binti anafikiri, anasema hakukunja magoti. Anaandika kwenye daftari, na Ijumaa wanalifungua pamoja. Huko ndiko kujiwekea malengo. Hakuhitaji jezi mpya wala mgeni rasmi, alihitaji mwalimu anayeuliza na kufuatilia.

Wapo watakaonitajia Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, na nawashukuru kwa mfano huo. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu hakuipata mpaka Tokyo mwaka 2025. Miaka minane kutoka shaba hadi dhahabu haivukwi kwa kukimbia tu. Inavukwa kwa mpango unaopimwa na kurekebishwa kila msimu.

Tukitaka kuona inavyofanyika kwa watoto wengi, twende Mathare, Nairobi. Chama cha michezo cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, hakikuuachia mpira kazi ya malezi. Timu iliyosafisha mitaa na kuzoa taka iliongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Vijana waliojitolea walijikusanyia alama za uongozi zilizowasaidia kulipiwa karo. Pale wema haukuachwa kwenye hotuba, uliingizwa kwenye kanuni za mashindano. Wala ubora wa soka haukupotea: Mathare United, timu iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Basi na sisi tubadilishe kanuni. Timu ya shule itakayoleta kijeba ifutwe, na mwalimu aliyemsajili awajibishwe kabla ya mtoto yeyote. Nidhamu na uaminifu viingie kwenye pointi za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari. Kila mchezaji awe na lengo lake lililoandikwa, na mtu mzima wa kulifuatilia. Shule isiyotaka kufanya hayo iache kusema inafundisha stadi za maisha. Iseme ukweli: inatafuta kombe.