Shanga Kifuani

Msomaji wangu, nilisimama Westlands Jumamosi moja nikitazama watoto wa klabu wakicheza mpira. Jezi zao zilikuwa zimepigwa chapa mfano wa shanga za Kimasai. Zilipendeza, wala sina ugomvi na watoto. Ugomvi wangu ni na wakubwa waliowavika.

Nilimwuliza mlezi wao mfano ule umetoka kwa nani. Akajibu, "Ni pambo tu, mwalimu."

Pambo tu! Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Wenye lugha hiyo walitolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wengi wakapelekwa Laikipia. Kisha ukaja mkataba wa 1911, wakahamishwa na huko pia, wakaenda kusini. Mtoto avaaye shanga zao hajaambiwa hata neno moja la habari hizo.

Watazame vijana Wamasai wa Laikipia wachezao kriketi kwa shuka na shanga, ambao mwaka 2013 walifika London kushindana. Wao huvaa kilicho chao, tena huutumia mchezo kupinga ukeketaji na kuozwa kwa watoto wa kike.

Basi ukiletewa jezi ya namna ile, uliza: ni mama gani aliyeubuni mfano huu, naye alilipwa nini? (Kutunga shanga ni kazi ya wanawake, jambo ambalo wapiga chapa hulisahau upesi.) Ukikosa jibu, mwambie mlezi awaalike akina mama hao uwanjani, wawafundishe watoto kutunga, nao walipwe ujira wao siku iyo hiyo.