Boti Ipandayo Mlima

Wengi wenu mwaufahamu Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ambao maji yake yamelala sawasawa toka bahari hata bahari. Mwezi huu twawachukua penye mfereji mwingine, ulioutangulia kwa karibu miaka 200, ambamo boti hupanda mlima kisha ikateremka. Nao ni Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, wenye urefu wa kilomita 240, uanziao mji wa Toulouse na kuishia katika wangwa wa Thau, kando ya Bahari ya Mediterania.

Motaboti za huko hukodishwa bila ya mtu kudaiwa leseni ya unahodha, wala haziruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 8 kwa saa. Wapanda baiskeli hutupita ukingoni wakitupungia mikono. Siku ya kwanza jambo hili lilituudhi. Siku ya tatu tuliwaona wao ndio wenye haraka isiyo na maana.

Njia ya kupandia ni hii. Boti huingia katika chumba cha mawe, na milango ya nyuma ikafungwa. Mlinzi hufungua vilango vidogo vya mbele, maji ya juu yakaingia kwa kishindo, na boti ikainuka hata ikalingana na maji yaliyo mbele yake. Ndipo milango mikubwa ifunguliwapo. Muda huo mmoja hushika kamba ya omo na mwingine ya tezi, wala kamba haifungwi fundo; kwa kuwa wakati wa kuteremka, aliyefunga fundo huachwa na maji, boti yake ikining'inia ukutani. Karibu na mji wa Béziers, pahali paitwapo Fonserannes, vyumba hivi vimeunganishwa kama ngazi yenye kimo cha mita 21 hivi. Watu hukusanyika kutazama, na aliye usukani hapo hupata haya ya bwana harusi.

Katika kupanda, kijana wetu aliuliza: "Baba, kila mlango ukifunguliwa maji huteremka. Je, nani ayarudishaye juu?"

Swali hilo ndilo lililowashinda watu kwa muda mrefu. Aliyelijibu ni Pierre-Paul Riquet, ambaye hakuwa mhandisi bali mtoza kodi ya chumvi. Alitambua ya kuwa kilele cha njia, Naurouze, kilicho mita 189 juu ya bahari, chahitaji maji yasiyokoma kugawanyika pande zote mbili. Basi akavikusanya vijito vya Montagne Noire kwa mifereji midogo, na tangu mwaka 1667 likajengwa bwawa kubwa la Saint-Ferréol ili kuyaweka akiba kwa siku za ukame. Mfalme Louis wa 14 alitoa idhini mwaka 1666. Wafanyakazi walifikia 12,000, wanawake miongoni mwao. Kuta za kwanza zilijengwa zimenyooka, na chumba kimoja kikaporomoka kwa uzito wa udongo. Toka hapo vyumba vikajengwa vimebenuka kama yai, na ndivyo vilivyo hata leo. Riquet alitia mali yake mwenyewe, akaingia madeni makubwa, akafariki Oktoba 1680. Mfereji ulifunguliwa Mei 1681.

Uzuri wa safari hii ni kivuli. Kando ya maji ilipandwa miti mirefu iitwayo platani, ambayo mwaka 2006 ilikaribia 42,000. Mwaka huo huo yaligunduliwa maradhi ya ukungu yaiuayo, na tangu hapo zaidi ya 20,000 imekatwa na kuchomwa moto. Pahali pengine tulipita kwa saa nzima juani, vichwa vitupu, kati ya visiki na miche ya miti ya namna nyingine. Na kinachotuhusu sisi wageni ni hiki: maradhi hayo hupenya penye jeraha la gome, na kamba ya boti iliyosugua mti mgonjwa aweza mtu kuifunga kesho penye mti mzima.

Magharibi ilipokaribia, kijana alikwisha kuruka ukingoni, kamba mkononi, akauelekea mti ulio karibu. Tukampa nyundo na vigingi viwili. Udongo ulikuwa mgumu, akapiga mpaka giza likaingia.