Vyuo vya Kenya Vina cha Kulinda

Imani iliyozagaa miongoni mwa wasomi wa Kenya, na hata miongoni mwa watunga sera, ni kwamba udhibiti wa maarifa yanayovuka mpaka ni shughuli ya mataifa makubwa yenye makombora na vinu vya nyuklia, na kwamba chuo kilichozungukwa na mashamba ya ngano na ng'ombe wa maziwa, kama Egerton kule Njoro, hakina cha kulinda wala cha kupokonywa. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake unadhihirika katika Bonde la Ufa lenyewe, kuanzia Gilgil hadi Nakuru.

Linalozungumzwa hapa ni suala la matumizi mawili, yaani bidhaa, kifaa au ujuzi unaomfaa raia katika kazi halali lakini ambao, bila kugeuzwa sana, unaweza kutumiwa kuundia silaha. Mfano wa kale uko Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako huchimbwa diatomaiti, mwamba mweupe na mwepesi uliotokana na magamba ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyotuama katika ziwa la kale. Unga wa mwamba huo huchuja vinywaji. Na ni unga wa jinsi hiyohiyo, uliochimbwa Ujerumani, ambao Alfred Nobel aliulowesha kwa nitrogliserini akapata dainamaiti, aliyoipatia hataza mwaka 1867, na ambayo ilipasua miamba migodini na pia kubomoa madaraja vitani. Mwamba peke yake haukuwa na hatari yoyote; hatari ilitoka katika ujuzi wa kuuchanganya.

Mfano mzito zaidi ni kimeta, ugonjwa ambao mwaka 2015 uliua mamia ya nyati katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Mfugaji huutambua mnyama anapoanguka ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, na daktari wa mifugo hukataza mzoga usipasuliwe, kwa kuwa damu ikikutana na hewa bakteria hujigeuza kuwa spora, yaani chembe zenye ganda gumu zinazoweza kudumu udongoni kwa miongo kadhaa. Bakteria huyohuyo yumo katika orodha za Kundi la Australia, ushirikiano usio rasmi wa mataifa ulioanza mwaka 1985 kufuatia matumizi ya silaha za kemikali katika vita vya Iraq na Iran, na ambao Kenya si mwanachama wake. Orodha hizo zinataja hata mitungi ya kuoteshea vijidudu yenye ujazo wa lita 20 au zaidi isiyovujisha chembechembe hewani, ambayo mtengenezaji wa chanjo ya ng'ombe naye anaihitaji. Aidha, tangu mwaka 2007 Uingereza imewataka wanafunzi wa mataifa mengi ya kigeni kupata idhini ya kiusalama kabla ya kusomea baadhi ya fani za uzamili na uzamifu, na Marekani huhesabu kwamba kumfundisha mgeni teknolojia iliyodhibitiwa, ndani ya maabara ya Marekani kwenyewe, ni sawa na kuisafirisha nje. Mtafiti wa Njoro, kwa hiyo, tayari anaishi chini ya udhibiti. Ila ni udhibiti ulioandikwa na wengine kwa hofu zao wenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba elimu haina mipaka na kwamba usiri huficha milipuko ya magonjwa. Hofu yao ina msingi, lakini wanachanganya mambo mawili. Barua zenye kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliua watu 5, na wapelelezi wa nchi hiyo walihitimisha kwamba zilitoka kwa mwanasayansi wa maabara ya jeshi lao wenyewe, mtu aliyekwisha kuruhusiwa na kila mlinzi wa lango. Kilichofanya barua hizo ziue ni ujuzi wa kusafisha spora na kuzikausha, wala si habari za mahali ugonjwa ulipo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali ya Kenya ilitangaza kwamba barua iliyofika Nairobi ilikuwa na kimeta, nchi ikaingiwa na taharuki, kisha vipimo vya baadaye havikuthibitisha tangazo hilo. Nchi yenye kimeta katika udongo wake haipaswi kutegemea ng'ambo kuambiwa kama unga fulani ni kimeta au sicho.

Hasara ya kujidhania maskini wa maarifa imekwisha kuonekana. Vijidudu vilivyokusanywa na watafiti wa kigeni mwaka 1992 katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilizaa vimeng'enya vya kutengenezea sabuni na kufifishia nguo za jinzi, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalalamika mwaka 2004, mali ikiwa imekwisha kwenda zamani.

Hata kisheria, kisingizio cha kwamba hayo ni ya wakubwa hakisimami. Azimio namba 1540 la Baraza la Usalama, la mwaka 2004, linaibana kila nchi iwe na udhibiti wake, nao Mkataba wa Silaha za Kibayolojia, katika kifungu chake cha 10, unazipa nchi wanachama, Kenya ikiwemo, haki ya kubadilishana vifaa na maarifa kwa malengo ya amani, haki inayodaiwa kwa urahisi zaidi na nchi inayoweza kuonyesha kwamba inalinda chake. Leseni ya utafiti inayotolewa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi kiongezwe humo kipengele chenye orodha fupi, iliyoandikwa na madaktari wa mifugo na wanamaabara wanaokishika kimeta kwa mikono yao: ramani za milipuko, dalili na kinga vibaki wazi kwa kila mfugaji wa Gilgil, mbinu za kusafisha na kukausha spora zipitiwe kabla ya kuchapishwa, na sampuli ya mzoga isivuke mpaka bila mkataba unaotaja nani ataihifadhi, nani ataisoma, na matokeo yatarudi Nakuru lini.