Siri iliyokuwa darini: Unamjua kweli mama mkwe wako?

Mwezi huu tuongelee siri. Tulia, sizungumzii ile namba iliyoseviwa kwenye simu kwa jina la "Fundi Bomba". Hizo tumeshaziongelea mpaka basi. Nazungumzia siri za wazazi wetu, ambazo wewe na mwenzi wako hamkuzianzisha, lakini siku mlipooana zilihamia kwenu pamoja na kitanda na makochi.

Nikupe kisa cha kweli cha mama mmoja, Lee Miller. Huenda umeiona filamu ya Lee ya mwaka 2023, Kate Winslet akiwa ndiye Lee. Filamu inasisimua, ila kilichonigusa zaidi ni mambo ya nyumbani kwake.

Lee alizaliwa Marekani mwaka 1907. Alikuwa mrembo haswa, na mwaka 1927 sura yake ilipamba jalada la Vogue. Lakini hakutaka kuishia kupigwa picha, akaenda Paris kujifunza kuzipiga. Vita Kuu ya Pili ilimkuta London, akawa mpiga picha wa Vogue ya Uingereza, na mwishoni mwa 1942 akapata kibali cha kuwa mwandishi wa vita akiwa na jeshi la Marekani. Hebu fikiria: jarida la magauni na lipstiki, mwandishi wake yuko kwenye mizinga!

Agosti 1944 alitumwa Saint-Malo, Ufaransa, ikidhaniwa mapigano yameshakwisha. Alipofika akakuta mabomu bado yanaanguka. Wanawake hawakuruhusiwa mstari wa mbele, yeye akabaki na kuendelea na kazi. Wakubwa walipogundua, wakamweka kizuizini kwa muda. Tarehe 30 Aprili 1945 aliingia kwenye kambi ya mateso ya Dachau, siku moja tu baada ya kukombolewa, akapiga picha za maiti zilizorundikana. Siku hiyo hiyo alikuwa Munich, ndani ya nyumba ya Hitler, akaingia kwenye bafu lake na mwenzake David Scherman akampiga picha. Iangalie vizuri picha ile. Mbele ya bafu kuna buti zake, na uchafu wa Dachau umebaki kwenye kitambaa cha kukanyagia.

Vita ikaisha. Mwaka 1947 akaolewa na Roland Penrose, na mwaka huo huo akajifungua mtoto wake wa pekee, Antony. Baadaye wakahamia shambani Sussex, Uingereza. Na Lee akafunga mdomo. Akiulizwa habari za vita, anazikwepa. Taratibu kamera ikawekwa pembeni, pombe na huzuni vikachukua nafasi. Leo tungesema ana kiwewe cha vita. Wakati ule mtoto aliona kitu kimoja tu: mama mlevi, wa kugombana naye. Aliyemlea hasa ni yaya. Walikuja kupatana mwishoni kabisa, na Julai 1977 Lee akafariki kwa saratani.

Sasa sikia hii. Aliyeigundua siri hakuwa mwanawe, alikuwa mkwe! Suzanna, mke wa Antony, alikuwa na mtoto mchanga. Akapanda darini kutafuta picha za mumewe za utotoni, aone kama bintiye kafanana na baba. Si unajua mambo ya kina mama? Akashuka na karatasi zenye habari ya Saint-Malo. Antony akasoma, akashindwa kuamini kwamba aliyeandika ni mama yake. Kule darini kulikuwa na maboksi kwa maboksi, picha na negativu zipatazo 60,000. Na baada ya kifo hicho ndipo alipokuja kujua pia kwamba mama yake alibakwa akiwa na miaka 7. Antony alitoa kitabu cha maisha ya mama yake mwaka 1985. Maswali yote alikuwa nayo, wa kumjibu hayupo.

Najua kuna anayesema, "Aah, hayo ya wazungu." Haya, njoo huku kwetu Pwani.

Hapa Kibaha, maeneo ya Picha ya Ndege, nina jirani, dada mwenye kazi nzuri na mume mpole. Mpole kupita kiasi. Wakikwaruzana, mume ananyamaza siku tatu, anakula, anaoga, analala. Ilifika mahali dada akaanza kupanga nguo kwenye begi arudi kwao. Baba wa huyo kaka yuko Kisarawe, ndani ndani huko, ana mikorosho yake na tranka la bati chini ya kitanda ambalo halijawahi kufunguliwa mbele ya watoto. Mume amekua akijua jambo moja tu: baba haongei, na ukimuuliza ya zamani anainuka kwenda shamba.

Likizo ya mwaka jana binti yao wa darasa la tano akapelekwa kwa babu. Na wewe unajua, kwetu babu na mjukuu ni watani. Mtoto akamtania, "Babu, kwenye tranka umemficha mke mdogo?" Mzee akacheka, akalifungua. Ndani kulikuwa na picha ya vijana watano wenye sare za jeshi, vita ya Kagera, ile iliyoanza Oktoba 1978 na kutufikisha Kampala Aprili 1979. Mzee akamtajia majina yote matano. Wawili hawakurudi. Mmoja wao ndiye aliyepewa baba wa mtoto kama jina!

Kaka yule alipopigiwa simu na bintiye alikaa sebuleni muda mrefu. Jina amelibeba miaka yote, hajui la nani. Sikudanganyi kwamba sasa amekuwa msemaji. Bado ananunanuna. Lakini kila mwisho wa mwezi anakwenda Kisarawe, na safari ya pili alimwambia mkewe, "Twende wote." Begi lilirudishwa kabatini.

Ninachotaka kukuambia mwezi huu ni hiki: ukimya wa mzazi si lazima uwe chuki, na mara nyingine mtoto wa kuzaa ndiye wa mwisho kuweza kuuvunja. Kuna hasira katikati. Mkwe na mjukuu hawana hasira hiyo. Kwa hiyo, dada, kaka, usijione mgeni kwenye ukoo wa mwenzio.

Ila nenda taratibu. Usimwambie mzee, "Tuelezee vita." Muulize kitu kidogo: huyu pichani nani, mlikuwa mnakula nini kule? Akikataa, mwache, siri ni yake na hana deni kwako. Akisema, andika majina na mwaka nyuma ya picha. Na ukiona anaweweseka usiku au pombe imezidi, hilo ni la hospitali, ulizia huduma za afya ya akili.

Hata leo wapo kina dada wa kazi hiyo hiyo. Arlette Bashizi, mpiga picha wa habari wa Kongo, amekuwa akipiga picha za vita na wakimbizi huko Goma, mji uliotekwa na M23 Januari 2025. Kama mchumba wako ana kazi ya namna hiyo, iwe kamera, bunduki au wodi ya majeruhi, usimpokee mlangoni kwa "umeniletea nini?" Mwekee maji ya kuoga, kaa karibu, acha aseme akiwa tayari.

Haya, Jumapili hii mnakwenda kwa wazazi wa nani? Kama mna mtoto, nendeni naye. Tukutane toleo lijalo.