Niliwaambia Maharagwe Voi ni Maji Tu. Nilikosea

Wasee, leo siji na mbwembwe. Kuna video nilitoa mwaka jana nikiwa nimesimama kwa shamba letu hapa Voi, upande wa kuelekea Sagalla, nikasema kwa sauti kubwa: "Shida ya maharagwe huku ni maji tu. Weka maji, utavuna." Mliipenda sana. Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja wa Mwatate, rika langu, akaniandikia kwamba aliifuata hiyo video, akakopa kwa simu, akanunua tangi la lita 1,000 na mipira, akapanda robo ekari. Hajavuna kitu. Deni bado analipa.

Sikulala vizuri hiyo siku, sitawadanganya.

Mnajua stori yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani ambapo kila mtu alikuwa anangoja kuona nitaanguka vipi. Kwa hivyo nilipopanda maharagwe sikuwa napanda chakula tu, nilikuwa napanda ushahidi. Kipande chenyewe ni mita kumi kwa kumi. Nilikwaruza juu juu na jembe, nikatia mbegu kilo moja, halafu kila jioni nikamwaga jerikeni nne. Kila jioni! Mgongo ulikuwa unalia. Mvua ya msimu ikaja kidogo, ikaenda. Nikavuna maharagwe yasiyofika nusu gorogoro, yaani nilirudisha chini ya mbegu niliyopanda. Hiyo sehemu sikuwaonyesha.

Sasa hesabu ambayo ningefanya kabla ya kufungua mdomo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi. Jerikeni nne ni lita 80. Shamba langu ni mita za mraba 100. Gawanya: sikufikisha hata milimita moja kwa siku. Maharagwe yanataka kati ya milimita 300 na 500 kwa msimu mzima, na kwa jua la huku ukiweka tano kwa siku si anasa. Tano kwa robo ekari ni kama lita 5,000, yaani jerikeni 250. Kila siku. Na lile tangi la ndugu yetu wa Mwatate? Likijaa pomoni, likimwagwa lote kwa robo ekari, ni milimita moja. Moja tu, wasee.

Aliyenifungua macho ni shosho. Alishuka kutoka Werugha kutusalimia, na huko juu milimani wao wana ukungu na baridi, maharagwe ni kama majirani. Akanikuta namwagilia. Akanyamaza hadi nimalize, akaokota kijiti, akakidunga pale pale palipolowa. Kikaingia kina cha ukucha, kikagoma.

"Mwanangu," akasema, "hapa hujapanda maharagwe. Umeyatupa juu ya barabara."

Nikang'oa mche mmoja kumjibu, nikijua niko sawa. Mizizi ilikuwa imekunjamana juu juu kama nywele zilizokwama kwa chanuo. Chini yake udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Unaona, udongo wetu mwekundu wa Voi ukipigwa na maji halafu jua, juu unafanya ganda. Maharagwe hayatoki ardhini kama mahindi, ambayo yanachomoza ncha tu. Maharagwe yanavuta mbegu nzima juu kwa shingo iliyopinda, na shingo hiyo ikigonga ganda inavunjika. Ndio maana nilikuwa na mapengo kila mahali nikalaumu aliyeniuzia mbegu. Zilizotoka nazo, kwa sababu maji yangu yalilowesha juu tu, mizizi ikabaki juu, kwenye jikoni kwenyewe. Saa nane mchana imekwisha.

Na kona ya chini, mahali maji yote yalitiririkia na kutuama, majani yaligeuka njano. Mimi nikaona njano nikajua ni kiu, nikaongeza maji! Kumbe mizizi ilikuwa inaoza kwa kukosa hewa. Shamba moja, huku kiu, kule kuzama.

Msimu uliofuata nikagawa shamba katikati. Nusu nikaiacha nilivyozoea, nusu nikafanya alivyosema shosho. Kabla mvua haijanusa, nikachimba na jembe la meno kina cha futi moja hivi, nikavunja lile tabaka gumu. Siku nne, na malengelenge. Nikachanganya mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, nikainua matuta yanayokatiza mteremko, na kila baada ya hatua mbili nikaweka kizuizi kidogo kwenye mfereji ili maji yakija yakae. Mvua ya kwanza ikapiga, nikapanda, kisha nikafunika udongo kwa nyasi kavu.

Hapo ndio nikaelewa. Mvua moja ya milimita 20 kwa mita 100 za mraba ni lita 2,000. Jerikeni 100 za bure, kwa saa moja! Upande wa zamani yalishuka barabarani yakiwa mekundu, yamebeba udongo wangu. Upande wa matuta yalizama. Kumwagilia nako nikabadilisha: badala ya kunyunyiza kila jioni, nikangoja, nikaweka maji mengi asubuhi mara moja moja, na mengi zaidi nikayaweka akiba ya wakati wa maua na maganda kujaa. Hapo ndipo maharagwe yakikosa maji yanamwaga maua chini yote.

Upande wa shosho: gorogoro mbili na kidogo. Upande wangu: moja haikujaa. Mvua ile ile, mbegu ile ile, maji yale yale. Ndio, najua, mbolea ya mbuzi nilitia upande mmoja tu, kwa hivyo msiniite profesa. Lakini nilipong'oa mche wa upande ule, mizizi ilikuwa imeshuka na ina vifundo. Ukipasua kifundo ukakuta ndani ni pinki, bakteria wako kazini, wanatengeneza nitrojeni kutoka hewani. Udongo mgumu usio na hewa haukupi hivyo.

Na nisidanganye mara ya pili: kuchimba hakuifanyi Voi kuwa Wundanyi. Joto likizidi wakati wa maua, hata na maji, maua yanaanguka. Ndio maana wengi huku wanapanda kunde na ndengu, na hawajakosea. Ukitaka maharagwe lazima, tafuta yale ya Katumani ya kukomaa haraka, kama KAT B1. Na maji pia ni haki yetu. Bomba la Mzima linatoka kaunti hii hii na kwenda Mombasa tangu enzi za mkoloni, na hilo linaniuma kama linavyowauma. Ila sisi vijana tumefanya "hakuna maji" kuwa jibu la kila kitu, halafu yakija ya mvua tunayaangalia yakipita.

Kwa jamaa wa Mwatate: nimekuandikia, usiuze tangi. Kinga maji ya paa, anza na kipande kama changu badala ya robo ekari, uyamwage wakati wa maua. Hapo lita 1,000 ni milimita kumi, na kumi wakati huo ni kitu. Jumamosi nakuja kwako na jembe la meno. Kamera nitabeba, lakini tutachimba kwanza.