Samaki ni Halali. Je, Kummaliza Nako ni Halali?



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi, kila tunapofika mlango wa vyakula darasani, hakosekani mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kusema kwamba samaki ni halali, hachinjwi, na hata aliyekufa analiwa. Jibu hilo ni sahihi. (Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wana ufafanuzi wao kuhusu baadhi ya viumbe wa majini, na leo hatuuingii.) Tatizo ni kwamba somo huishia hapo, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria hapa Uganda tunayaona kwa macho matokeo ya kuishia hapo. Samaki aliye sahani ni halali. Kuiondoa duniani aina nzima ya samaki ni suala jingine, na tunaona halina budi kufundishwa pamoja na lile la kwanza.

Wala si suala la kubuni. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah anatufahamisha kuwa wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na mdudu chungu, akaamrisha makazi yao yote yachomwe moto. Allah akamlaumu, kwani aliyemuuma ni mmoja, naye akaangamiza umma mzima uliokuwa ukimsabihi Mola wake. Na katika Abu Daud na Tirmidhi imekuja kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma, angeamrisha wauawe wote. Tutafakari hapo. Huyu ni mnyama ambaye chombo alichokiramba tunakiosha mara saba, na bado kilichomkinga ni kuwa yeye ni umma. Imamu al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alipoisherehesha Hadithi hiyo alieleza kuwa inaonyesha karaha ya kuangamiza umma wa viumbe mpaka kisibaki hata kimoja. Miaka elfu moja imepita tangu aandike hayo, na sisi tunazungumza kana kwamba habari ya viumbe kutoweka ni jambo la Wazungu.

Sasa turudi ziwani. Ziwa letu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na limegawanywa kati ya Uganda, Tanzania na Kenya. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo ambao Waganda huwaita enkejje, Wajaluo fulu, na watu wa upande wa Mwanza furu. Wataalamu wamekadiria aina zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wako waliokula konokono, wakiwa na meno mapana kooni ya kuvunjia magamba yao. Wako waliokwangua ukungu wa kijani kwenye mawe, waliokula wadudu, na waliokula tope la chini na vimea vinavyoelea, na hivyo kusaidia maji yasioze. Mama huyabeba mayai mdomoni mwake, na vifaranga vikishaanguliwa hurudi kujificha mdomoni humo pakitokea hatari. Mzazi atakayewasimulia wanawe hilo atakuwa ametoa darsa ya Tawhid isiyohitaji ubao wala chaki.

Katika miaka ya 1950, zama za ukoloni, sangara (hapa tunamwita mputa, Wajaluo humwita mbuta) aliletwa kutoka maziwa mengine, kisha akapandikizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makusudio yalikuwa kuwageuza samaki wadogo wenye mifupa mingi na bei ndogo kuwa nyama ya samaki mkubwa mwenye soko. Mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, alionya kwa maandishi mwaka 1960 kwamba jambo hilo ni la hatari. Hakusikilizwa. Kwa miaka mingi hapakuonekana kitu cha kutisha, kisha katika miaka ya 1980 sangara wakafumka ziwa zima. Furu, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa hili, wakabaki sehemu ndogo mno. Inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofika Mwanza mwaka 1977 kuwasoma furu, wakajikuta wanaandika habari za kutoweka kwao.

Sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Nyavu za viwandani zilikwisha kupunguza samaki tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Misitu ilikatwa, udongo na mbolea na maji machafu ya miji vikaingia ziwani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji nayo yakafika. Jambo linalotushangaza zaidi ni hili: furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, huyu mwekundu, yule wa buluu. Maji yakichafuka rangi hazionekani, aina zikachanganyika, na umma mbili zikapotea bila hata mmoja kuliwa. Hata ukaushaji ulibadilika. Furu alianikwa juani, lakini sangara ana mafuta mengi, anataka moshi, na moshi unataka kuni. Kwa hiyo miti nayo ikalipa.

Ni haki tuseme pia kwamba baadhi ya furu wameonekana tena tangu miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana. Tunamshukuru Allah kwa hao. Waliokwenda moja kwa moja hatuna namna ya kuwarudisha.

Kuna watakaosema: aliyeleta sangara ni mkoloni, sisi tunahusikaje? Ni kweli, hakuna sheikh aliyeulizwa. Lakini kokoro linalokomba vifaranga leo halivutwi na mkoloni. Linavutwa na vijana wetu, wengine tumewasomesha juzuu Amma sisi wenyewe. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa Uganda kwa sababu ya habari za wavuvi kutumia sumu. Sumu! Mtu anaua kila kilichomo majini ili apate kapu moja, kisha anasema Bismillah. Siku hizi kuna na biashara ya bondo la sangara linalokwenda China kwa bei kubwa, na tamaa hiyo inamfanya hata sangara mwenyewe sasa awe mashakani.

Wengine husema riziki iko mikononi mwa Allah, samaki hawaishi. Kauli hii tunaisikia hata kwa watu wazima wenye elimu. Riziki ni ya Allah, hilo halina shaka, lakini aliyeahidi riziki ndiye aliyekataza israfu na uharibifu katika ardhi. Wala hakuna anayeacha kufunga mbuzi wake kwa sababu riziki ni ya Allah.

Hoja nzito ni ya tatu, nayo tunaiheshimu: njaa. Sangara amesomesha watoto na amejenga nyumba na misikiti kando ya ziwa hili, na masikini wamepata angalau mifupa iliyobaki viwandani, ile wanayoiita mgongo wazi. Mwaka 2017 serikali ilipeleka wanajeshi majini kuzuia uvuvi haramu, na malalamiko ya wavuvi kupigwa na kuchomewa mitumbwi yakawa mengi. Hatuungi mkono kumpiga masikini. Fimbo humfanya mtu avue usiku, haimfundishi kwamba kifaranga ni amana.

Kwamba dini inaweza kufika pale fimbo isipofika, mfano upo karibu. Kisiwa cha Misali, Pemba, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na baada ya hapo wavuvi walikalishwa pamoja na viongozi wa dini, wakasoma mafundisho ya Qur'ani kuhusu viumbe na uvuvi wa kuharibu bahari. Huko Indonesia, Baraza la Maulamaa lilitoa fatwa namba 4 ya mwaka 2014 inayoharamisha kuwinda na kufanya biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka kinyume cha sheria. Maulamaa wa nchi hizi tatu za ziwa wanaweza kutoa kauli moja kama hiyo. Tunawaomba waitoe, na isomwe katika khutba za Ijumaa mialoni, siyo mjini tu.

Wakati tukingoja, kuna mambo ya nyumbani. Sheria ya Uganda inakataza kumvua sangara asiyefika sentimita 50. Rula ya shule ni sentimita 30. Mtoto aende sokoni na mama yake akiwa na rula, ampime samaki kabla hajanunuliwa, na asiyefika rula moja na theluthi mbili aachwe mezani kwa muuzaji. Tunajua mdogo ndiye wa bei nafuu, na mama mwenye watoto sita hawezi kuambiwa kirahisi. Basi wenye uwezo waanze. Na kamati za misikiti iliyo karibu na mialo zitenge fungu la sadaka kuwanunulia wavuvi masikini nyavu halali, kwa sharti kwamba kokoro liletwe uani kwa msikiti na likatwe mbele ya jamaa. Madrasa yetu itaanza kulifundisha somo hili baada ya mlango wa vyakula, kwa wanafunzi wa darasa la tano kwenda juu, inshaallah. Walimu watakaopenda kushirikiana nasi kuandaa maswali yake wanakaribishwa.

Wallaahu a'lam.