Kodi bila kitansi si kodi

Wanamemba wa koperative, kulipa kodi ni lazima. Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema hivyo. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kodi inawekwa na sheria tu. Haiwekwi na mtu aliyefunga kamba barabarani.

Gari la mihogo linasimamishwa, mtu anadai "kodi ya mavuno", dereva anatoa franka kidogo ili asichelewe. Kwa sisi watu wa kilimo, hiyo franka kidogo ndiyo mbegu. Kesho kamba zitakuwa mbili, na mnunuzi atakata feza hiyo kwenye bei ya gunia lenu.

Mbele ya kulipa, muulize: Unatumikia ofisi gani ya leta? Kodi hii inaitwaje? Kitansi iko wapi? Kitansi iwe na namba, muhuri na kiasi cha feza. Akitaka mumutumie kwa M-Pesa yake mwenyewe, mukatae.

Penye bunduki, musibishane, uzima kwanza. Kisha muandike siku, pahali na kiasi katika kaye ya koperative. Mkulima mmoja akilalamika, wanamuita msumbufu. Kaye ya wote ni vigumu kuikataa.